Risasi Niliyomchagulia Mzee

Mimi ndiye niliyemchagulia Mzee risasi isiyomfaa, na nilimchagulia kwa kujiamini, mbele ya watu, mikono kiunoni. Nasema mapema ili asije mtu akadhani nataka kumsukumia lawama muuza duka, au mwalimu wa shabaha, au umri. Umri wa Mzee niliujua vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa namfungia vifungo vya kanzu kila asubuhi.

Kazi yangu hapa Dubai ni kumtunza mtu mmoja. Kwenye karatasi za viza nimeandikwa dereva, na gari naendesha kweli, lakini kazi yenyewe ni Mzee: vidonge vyake, mazoezi ya bega lake la kulia kwenye kliniki ya Oud Metha mara mbili kwa wiki, na hasira zake, ambazo hazina ratiba. Alizaliwa Unguja, akaja huku akiwa kijana, akaoa, akajenga Al Garhoud, jirani na uwanja wa ndege, kabla ndege hazijawa nyingi kiasi hiki. Pasi yake ni ya huku. Kiswahili chake ni kilekile alichoondoka nacho, na ndicho kilichonipa ajira. Binti yake, ambaye ndiye mwajiri wangu, na ninamwita madam kama kila mtu anavyomwita wake, aliniambia siku ya kwanza: "Baba hataki mtu wa kumtunza. Anataka mtu wa kuzungumza naye. Wewe zungumza naye, huku unamtunza asijue." Nikamwambia aondoe wasiwasi, sisi watu wa Liwale kwa maneno hatujambo.

Na maneno yangu mengi ni ya porini. Kabla ya Dubai nilifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye kitalu cha uwindaji huko kusini mwa Tanzania, nikiwa mfuata nyayo. Wageni walikuja na bunduki zao za bei ya nyumba, sisi tukawatangulia tukisoma majani. Mimi nilikuwa na kazi ya pili, kwa sababu ni Mwislamu na nina mbio: mnyama akianguka, nakimbia na kisu kumwahi akiwa hai, nimchinje, nyama iwe halali. Nikichelewa, nusu ya kambi inakula maharage na kunitazama vibaya. Mzee alipenda sana hadithi hizo. Alikuwa ananikatiza katikati na kuuliza upepo ulikuwa unatoka wapi.

Maana naye alikuwa mwindaji. Rafiki yake mmoja, aliyesoma naye darasa moja Unguja, maisha yalimtupa Uskochi, akaoa huko, akapata nyumba pembeni ya msitu. Kila mwaka mwezi wa tisa Mzee alikuwa akimfuata, wakawinda ayala pamoja. Ayala ni jamaa wa wanyama wetu wa pembe, mkubwa karibu sawa na tandala, pembe zake zimegawanyika matawi matawi. Kwetu hayupo. Halafu bega la Mzee likaharibika, akapasuliwa na kutiwa chuma, mke wake naye akaugua na kufariki, miaka sita ikapita bila safari.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, yule rafiki akapiga simu. Amefiwa na mke, nyumba inauzwa, mwanawe anamhamishia mjini kwenye ghorofa. "Njoo mwaka huu, yakhe," akamwambia. "Mwakani msitu utakuwa wa watu wengine."

Mzee akasema anakwenda. Madam akasema haendi. Siku tatu nyumba ile haikuwa na raha. Mzee alikula chumbani, madam mezani, mimi nikawa mtu wa kubeba ujumbe. "Mwambie ana miaka sabini na nne." "Mwambie najua, nilikuwepo." Siku ya nne madam akaja mwenyewe chumbani, akakaa kitandani kwa baba yake. Utotoni aliwahi kwenda naye huko, kwa hiyo alijua anachokisema.

"Risasi tatu, Baba. Mita mia moja. Zote tatu ndani ya duara la kisahani cha kikombe. Mwisho wa mwezi wa nane, mbele yangu. Moja ikitoka nje, huendi. Sitaki kupigiwa simu kuwa umempiga mnyama tumbo, kakimbilia msituni, na wewe na bega lako mnamfuata kwenye mvua."

Mzee alikubali kabla madam hajamaliza. Alivyofurahi usiku ule aliomba chai ya pili, na mimi nilifurahi kama ndiye niliyealikwa.

Bunduki zake za zamani alikwishaziuza, kwa hiyo juma lililofuata tulikwenda kwenye duka la silaha za uwindaji, Mzee na vibali vyake kwenye bahasha, mimi nyuma yake. Muuzaji alikuwa bwana mmoja wa Kisiria mwenye subira. Alimsikiliza Mzee kwa Kiarabu mpaka mwisho, kisha akaja na maboksi manne, akatoa risasi moja kutoka kila boksi na kuzisimamisha juu ya kitambaa cha kijani, ndogo mpaka kubwa, kama ndugu wanaopigwa picha. Akaelekeza kidole kwenye ya pili: milimita sita na nusu, kichwa chembamba kirefu. Mzee akanitafsiria. Ati teke lake begani ni dogo, inakwenda imenyooka, kwa ayala inatosha na kubaki. Na kwa bega lililopasuliwa, akasema yule bwana, hata asifikirie nyingine.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti.

"Mzee, samahani," nikasema. "Hebu muulize huyu bwana kama amewahi kumfuata mnyama aliyejeruhiwa."

Mzee akauliza. Yule bwana akasema hajawahi.

"Basi asituchagulie," nikasema, na nikaanza. Niliwasimulia tandala wa mwaka wangu wa tatu. Mgeni mmoja alikuja na bunduki nyepesi, risasi nyembamba kama hiyo hiyo, akampiga tandala dume jioni, mnyama akakimbia. Tulimfuata mpaka giza, tukalala njiani bila moto, asubuhi tukaendelea. Tulimkuta saa nne, kalala chini ya mti wa miiba, macho wazi, bado anapumua. Tumbo lilikuwa limevimba. Alitutazama tulivyokuwa tunakuja na hakuweza kuinuka. Mimi ndiye niliyemmaliza, na nyama ile hakuna mtu aliyeigusa. Tangu siku hiyo sisi wafuata nyayo tulikuwa na dua moja tu kila mgeni aliposhuka kwenye gari: awe na risasi kubwa. Risasi kubwa mnyama anaanguka pale pale, mwenye kisu anawahi, watu wanakula.

Nikainyanyua ile ya mwisho, ya nne, ile wanayoiita mia tatu magnamu. Ilikuwa ndefu kama kidole changu cha kati na nzito mkononi. "Hii," nikasema.

Macho ya Mzee yaliwaka. Nadhani alikuwa anatamani mtu amwambie hivyo. Ukishafika umri ambao kila mtu anakuletea kijiko kidogo, ukapata mtu wa kukukabidhi mwiko, humkatalii. Yule bwana wa Kisiria alisema neno moja zaidi, Mzee akainua mkono, khalas, imetosha. Tukaondoka na bunduki ya mia tatu na maboksi matano.

Uwanja wa shabaha uko nje ya mji. Kiangazi wanafungua alfajiri kwa sababu ya joto. Mwalimu pale alikuwa mama mmoja wa Kifilipino, mfupi, sauti ya upole, jicho kali. Mpigaji anakaa mezani, mtutu umelazwa juu ya mfuko wa mchanga, na tundu la risasi kwenye karatasi linaonekana kwenye kioo kidogo pembeni. Siku ya kwanza Mzee alipiga kumi. Mbili ziliingia duara, nyingine zilitapakaa kwenye karatasi. Nikamwambia ni ugeni wa bunduki. Siku ya pili alipiga kumi na mbili, ikaingia moja. Nikasema joto. Siku ya tatu haikuingia hata moja, na mwalimu akaniuliza kwa Kiingereza kama baba yangu yuko sawa. Sikumsahihisha kuhusu baba.

Kesho yake asubuhi Mzee alisema atavaa mwenyewe.

Hajawahi kuvaa mwenyewe tangu nimjue. Mkono wa kulia haufiki juu. Nilisubiri nje ya mlango nikisikia anavyohangaika, mwisho nikaingia bila hodi. Alikuwa ameketi, fulana imekwama kichwani. Bega lote, kutoka shingoni hadi kwapani, lilikuwa jeusi, na pembeni pa weusi rangi ya manjano, na kovu la upasuaji limevimba katikati. Nilimvua ile fulana taratibu.

"Madam asijue," akasema.

"Mzee, hili bega..."

"Asijue, mwanangu. Akijua, khalas, siendi. Yule mwenzangu ananingoja." Halafu akasema, taratibu zaidi, "Nimebakiwa na mmoja tu anayenijua nilipokuwa na nywele."

Nikanunua dawa ya kuchua, nikawa namchua asubuhi na jioni mlango umefungwa. Na bado, bega lile ninalishika kwa mikono yangu miwili, nilikuwa namgombeza. Ndiyo, nilimgombeza. Nikamwambia anashika vibaya, anaogopa bunduki, wageni wa umri wake kule kitaluni walipiga mbogo wakiwa wanavuta sigara. Hasira yangu ilikuwa ya nini sijui. Nadhani nilikwisha kuona kosa ni la nani, na nilikuwa sitaki kulitazama.

Siku ya nne uwanjani alipiga mara tatu, akaacha. Akageuka kwenye kiti, jasho linamtiririka.

"Ya nne piga wewe," akaniambia.

Nikasema mimi si mpigaji.

"Miaka kumi na mmoja porini."

"Nilikuwa nafuata nyayo, Mzee. Na kisu."

"Hujapiga hata mara moja?"

Hapo ndipo niliposikia maneno yangu mwenyewe. Miaka kumi na mmoja nilisimama nyuma ya watu wenye bunduki, nikaziba masikio, nikakimbia. Niliijua risasi kubwa kwa kile ilichomfanya mnyama. Kwa kile inachomfanya mtu, sikuwa najua chochote. Kampuni iliwaruhusu wenye leseni tu kugusa silaha, na mfuata nyayo kushika bunduki ya mgeni ilikuwa kufukuzwa siku hiyo hiyo.

Mwalimu aliangalia kitambulisho changu, akaniandikisha, akaniletea bunduki ya klabu, ya aina ileile. Nikakaa, nikavuta kifyatulio.

Ilinipiga bega, ikanipiga taya, na darubini iliyo juu ya bunduki ikaja ikanigonga juu ya nyusi. Kwa muda sikusikia kitu. Nilidhani bunduki imepasuka. Nilipogusa paji la uso, vidole vilirudi na damu. Nina miaka thelathini na tisa, nabeba mtungi wa gesi begani hadi ghorofa ya tatu, na baada ya risasi moja nilikuwa nataka kwenda nyumbani. Mzee alikuwa amepiga thelathini na kitu, kwenye bega lenye chuma ndani, na hakusema aah, kwa sababu mimi mtaalamu wa porini nilikuwa nimesema ndiyo yenyewe.

Mwalimu akanifunga plasta. Mzee hakunicheka. Ningefurahi angenicheka.

Siku yangu ya mapumziko nilirudi Discovery Gardens, kwenye chumba ninachochangia na Mkenya mmoja mlinzi. Akaiona plasta kabla hata sijavua viatu. "Buda, ni nani amekuchapa? Madam amekurushia sufuria?" Nilimwambia yote. Huwa anacheka kila kitu, lakini safari hii alisikiliza, akanimiminia chai, kisha akauliza swali moja. "Na huyo mnyama wako wa siku mbili, huyo wa kuvimba tumbo. Alipigwa wapi?"

"Tumboni," nikasema.

"Sasa hiyo ni makosa ya risasi ama ni ya mtu?"

Miaka yote ile nililaumu wembamba wa risasi, na mnyama alipigwa tumboni. Hata ungempiga kwa mzinga, tumbo ni tumbo. Nililala nikimwona yule tandala.

Asubuhi nilimwendea Mzee kabla ya chai, nikakaa sakafuni, jambo ambalo silifanyi. Nikamwambia: "Shikamoo, Mzee. Nilikudanganya. Sikukusudia, lakini nilikudanganya. Nilikuchagulia risasi ya miguu yangu, si ya bega lako. Nilikuwa naogopa kumfuata mnyama, na huko Uskochi hata siendi."

"Marahaba," akasema. Kisha: "Yule Msiria atatucheka."

Hakucheka. Alichukua bunduki ya mia tatu kwa hasara ambayo Mzee hakutaka nimtajie madam, akatupatia ya milimita sita na nusu, na risasi zake zile nyembamba. Siku ile uwanjani Mzee alipiga ya kwanza akageuka kunitazama kwa mshangao. "Hii haina kitu," akasema. "Hii inabisha hodi tu." Tukacheka mpaka mwalimu akaja kutazama kuna nini. Nikaona tumepona. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na nusu kabla ya mtihani wa madam.

Lakini karatasi haikucheka nasi. Mbili ndani, mbili nje. Tatu ndani, tatu nje. Mwalimu alitazama siku mbili bila kusema, siku ya tatu akaomba aijaze bunduki yeye. Alimpa ikiwa tayari, Mzee akalenga, akavuta. Bunduki ikasema tik. Haikuwa na risasi ndani. Na bado Mzee alitikisika mwili mzima, bega likaruka nyuma, macho yakajifumba, mtutu ukachimba chini. Teke lilikuwa halipo, na alikuwa amelikwepa.

Mwalimu akamwekea mkono mgongoni. Alieleza kwamba si bega linaloogopa sasa, ni kichwa. Mwili ukishafundishwa kupigwa, hauulizi tena umebadilishiwa risasi au la. Woga huo unaweza kutoka. Unatoka polepole, wengine miezi. Mzee akaitikia kwa kichwa kama anayeambiwa bei ya kitu. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye jua lile la mwezi wa nane, nikajitukana kwa Kingindo, lugha ambayo Dubai nzima hakuna wa kunielewa.

Tukafanya alivyotuelekeza mwalimu. Kila siku risasi tano za kweli, tik ishirini, zimechanganywa asijue ipi ni ipi. Nyumbani alikaa kitini na fimbo yake, akalenga taa ya barazani, akavuta pumzi, akaachia nusu. Nami nilisimama kushoto kwake kila siku, na nilichotazama ni macho yake, kwa sababu macho ndiyo yalikuwa yanajifumba kabla ya kila kitu. Yakaanza kukaa wazi. Mara tatu katika tano, kisha nne. Siku mbili kabla ya mtihani yalikaa wazi zote tano, na zote tano zikaingia. Aliniletea chai mwenyewe siku ile, ikimwagikia kisahani.

Siku ya mtihani madam alikuja na sare yake ya kazini, akakaa kiti cha nyuma, mikono mapajani. Alikuwa na hofu kuliko baba yake. Mwalimu akaweka karatasi mpya, duara moja, akaijaza bunduki. Mimi nikasimama kushoto.

Ya kwanza: macho wazi, karibu katikati. Ya pili: wazi, vidole viwili kando ya ile ya kwanza. Mzee akapumua, akapangusa kiganja kwenye kanzu. Nikaanza kuhesabu moyoni mwangu, vuta, achia nusu. Na kabla bunduki haijalia, niliyaona macho yanajifumba.

Kwenye kioo tundu la tatu lilikuwa kwenye mstari. Nusu ndani, nusu nje.

Madam aliinuka, akasogea mpaka kioo kikawa karibu na pua yake. Alikaa hapo muda mrefu. "Imegusa," akasema mwishoni, na sauti yake ilikuwa inatafuta njia ya kumpa baba yake kile alichokitaka. "Kwenye tenisi mpira ukigusa mstari ni wa ndani." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ulikuwa karibu. Mwalimu aliniambia habari ya macho. Alifumba?"

Nilimtazama Mzee. Yeye alikuwa anaitazama bunduki. Nikafikiria bega lile jeusi, na risasi niliyoinyanyua dukani, na rafiki anayengoja pembeni ya msitu. Kama nilikuwa na deni duniani, lilikuwa hilo.

"Hapana, madam," nikasema. "Yalikuwa wazi."

"Muongo huyo," akasema Mzee. Hakusema kwa ukali. "Nilifumba, mwanangu. Ilikuwa haijalia bado, mie nimeshafumba. Na ayala hachorwi mstari." Akasogeza bunduki mbele, mbali na mkono wake. "Siendi."

Nikamwambia madam palepale, kwa haraka, kabla sijaogopa: kwamba risasi ya kwanza niliichagua mimi, kwamba iliyomfundisha Mzee kufumba macho ni ile, kwamba nilimficha bega la baba yake. Nikamwambia anikate mshahara au anirudishe kwetu, sitamlaumu.

"Unadhani sina pua?" akasema. "Nyumba nzima inanuka dawa ya kuchua tangu mwezi wa saba." Alikuwa anafuta macho. "Nilingoja mmoja wenu aniambie. Kakaeni garini."

Garini Mzee alikaa mbele pamoja nami, madam nyuma. Sikuondoa gari. Mzee alitoa simu akampigia rafiki yake, akaweka sauti ya juu kama anavyofanya siku zote kwa ajili ya masikio yake.

"Yakhe," akasema, "n'sikilize. Mtihani nimeshindwa. Bega halinitaki tena. Sitaweza kuja kupiga."

Nilidhani simu imekatika. Mzee akaangalia kioo cha simu, akairudisha mdomoni. "Umenisikia?"

"Nimekusikia." Sauti ya mzee mwingine, nyembamba zaidi. "Na mie nikwambie langu? Huu mwaka wa tatu sijashika bunduki. Mikono yanitetemeka, kikombe nakishika kwa yote miwili. Nilikwambia uje kuwinda kwa sababu nilidhani ukisikia hakuna kuwinda, hutakuja."

Nyuma yangu madam aliweka mkono kwenye kiti cha baba yake. Mimi nilishika usukani wa gari lililosimama.

"Mjinga wewe," akasema Mzee. Ilimchukua muda kuyatoa maneno mawili hayo. "Nimepigwa teke miezi miwili kwa ajili yako."

"Njoo unitukane hapa."

"Nakuja. Na utanilisha nini, na sote wawili hatuwezi kupiga?"

"Kuku," akasema yule rafiki. "Wa dukani."